Makumbusho ya Lamu: Kutoka Siwa Hadi Mbuzi ya Nazi

Makumbusho ya Lamu yalifunguliwa mwaka 1971, katika jumba la ghorofa linaloikabili bahari, ambalo mpaka uhuru lilikuwa makazi ya wakuu wa serikali ya kikoloni. Nyumba ambayo Mwamu wa kawaida hakuwa na safari nayo ikageuka kuwa mahali pa kwenda kutazama vyombo vya bibi yake. Imeshapita nusu karne tangu hapo, na katika muda huo makumbusho yametoka kwenye jengo moja yakaenea mji mzima, huku swali la historia ya nani ihifadhiwe likiyafuata kila yanapokwenda.

Lamu haikuwa na upungufu wa historia. Wazee waliijua kwa nasaba na kwa mashairi, na mwaka 1938 William Hichens alichapisha Khabari za Lamu, tarehe ya mji iliyoandikwa na Shaibu Faraji bin Hamed al-Bakariy. Lakini tarehe za namna hiyo ni za vita na watawala. Humo utapata Vita vya Shela vya mwaka 1812 hivi, pale Waamu walipowashinda Wapate na Mazrui wa Mombasa waliokuja kwa majahazi. Mtu akitaka kujua siku ile wake za watu walipika nini, au maji yalichotwa wapi, hana pa kuuliza. Ukiutoa utenzi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, ambamo mama anamuusia binti yake mambo ya mume, nyumba na watumishi, maandishi ya zamani ya pwani hii huishia barazani. Ndani hayaingii.

Msimamizi wa kwanza wa makumbusho, James de Vere Allen, ndiye aliyeingia ndani. Allen, Mwingereza ambaye wengi walimwita Jim, ni mtu wa kubishana naye. Kitabu chake kikubwa kuhusu asili ya Waswahili, kilichotoka mwaka 1993 yeye akiwa amekwisha kufariki, kinamrudisha kila mtu Shungwaya, nchi ya asili inayotajwa katika masimulizi ya pwani, kwa ujasiri ambao wanahistoria wengi hawakuukubali. Kwa jicho la vitu, hata hivyo, alikuwa na kipaji. Alitambua kwamba fahari ya mji huu imekaa kwenye mbao, chokaa, uzi na shaba, na kwamba vitu hivyo vilikuwa vikiondoka. Miaka ya 1960 na 1970 milango ya nakshi na viti vya enzi vya Lamu vilisafirishwa kwa wanunuzi wa mbali, na mwenye nyumba aliyepungukiwa hakuona sababu ya kukataa fedha.

Kilichovuta watu zaidi kilikuwa siwa, baragumu kubwa za sherehe. Ziko mbili: ya pembe za ndovu iliyotoka Pate, yenye urefu wa mita 2 hivi, na ya shaba ya Lamu yenyewe. Zote ni kazi ya mafundi wa visiwa hivi, za zamani kiasi cha kuhesabiwa miongoni mwa ala kongwe zilizobaki katika Afrika Mashariki. Siwa ilipulizwa mtawala akitawazwa, na katika harusi na tohara za jamaa za kiungwana. Ni sawa kabisa ziwe na chumba chao. Ila mtu anaweza kuzizunguka siwa kutwa asijue lolote juu ya maisha ya yule aliyesimama mbali akiisikia sauti yake.

Ndipo ikaja nyumba. Makumbusho yalichukua nyumba moja ya karne ya 18 katikati ya mji, yakaikarabati na kuiweka kama ilivyokaliwa. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi bora waliyowahi kufanya, kwa sababu nyumba ya Lamu inasomeka hatua kwa hatua. Kutoka njiani unakuta daka, yaani baraza ya mlangoni, na viti vyake vya mawe ambapo mwenye nyumba aliketi na wapita njia. Ukivuka mlango uko tekani, nayo imepindishwa makusudi ili jicho la nje lisifike kiwandani, yaani uani. Sabule, chumba cha mgeni, iko pembeni, mfanyabiashara aliyekuja na msimu wa kaskazi akae miezi asikutane na watu wa ndani. Kutoka kiwandani unapanda msana wa tini, yaani ukumbi wa chini, kisha msana wa yuu, ule wa juu, kisha chumba kiitwacho ndani, na mwisho nyumba ya kati, ambako wanawake walijifungulia na ambako maiti walioshwa. Kila chumba kimeinuka kidogo kuliko kilichotangulia, na kila hatua inapunguza watu wenye ruhusa ya kupita.

Vyumba hivyo ni virefu na vyembamba. Mgeni hudhani ni mtindo tu. Kumbe dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuzidi kiasi chake bila kupinda, basi upana wa chumba uliamuliwa msituni kabla fundi hajapima kiwanja. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na kwenye ukuta wa ndani kuna zidaka, vishubaka vya plasta ya nakshi vilivyopangwa safu kwa safu kwa ajili ya sahani za Kichina na vitabu. Chooni kuna birika la maji, na humo waliwekwa samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu. Hiyo ni afya ya jamii iliyofanya kazi karne kadhaa kabla ya mtu yeyote kuleta dawa ya kupuliza.

Jikoni ndipo wageni wa Kiswahili hucheka, maana hawaoni jambo geni. Mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu cha kuchujia tui, kinu na mchi, ungo, kawa ya kufunikia chakula: vingi vya hivyo wanavyo nyumbani hadi leo. Nimemsikia mtu akiuliza kwa nini alipe kiingilio aonyeshwe mbuzi. Swali lake lina haki, na jibu lake linapatikana dukani, kwenye tui la pakiti. Kitu cha kila siku hakiagi kinapoondoka. Watu huja kukitafuta wakati fundi wake ameshakufa, kama ilivyokuwa kwa mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, ambacho leo tunakijua kwa mifano na picha tu.

Mwaka 1984 makumbusho yakapewa ngome. Ngome hii ilianza kujengwa baada ya ushindi wa Shela, Waamu walipojiweka chini ya ulinzi wa Seyyid Said wa Oman, ikamalizika mwaka 1821. Na kuanzia 1910 serikali ya kikoloni ikaifanya jela. Serikali huru nayo ikaendelea kufunga watu humo kwa miongo miwili. Sasa ina maktaba na maonyesho, na uani hufanyika mikutano na harusi, hatua chache kutoka uwanja wa Mkunguni ambako wazee hukaa chini ya miti na soko liko ubavuni. Kuna pia posta ya Wajerumani, iliyofanya kazi kutoka 1888 hadi 1891 wakati ndugu Wajerumani, akina Denhardt, walipokuwa na mipango yao na usultani wa Witu, bara. Imekuwa makumbusho tangu 1996. Ni kijumba cha kupendeza. Kwa maisha ya mji, miaka 3 ya stempu haina uzito mkubwa.

Uzito uko nje, vichochoroni. Usam Ghaidan, msanifu majengo aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, alitoa kitabu chake juu ya mji wa Lamu mwaka 1975, akionyesha kwamba nyumba moja moja haiwezi kuokolewa peke yake, kwa kuwa zinaegemeana kwa kuta, kwa mifereji na kwa wikio, vyumba vile vinavyovuka juu ya njia kuunganisha nyumba za jamaa. Mwaka 1986 mji wa kale ukatangazwa rasmi kuwa eneo la hifadhi, na mwaka 2001 UNESCO ikauingiza katika Urithi wa Dunia: hekta 16 hivi za mawe, chokaa na watu. Tangu hapo anayetaka kuongeza ghorofa au kutia dirisha la alumini hana budi kuomba idhini. Wenye nyumba hulalamika, na wana hoja, maana chokaa na boriti ni ghali kuliko saruji na mabati, na sifa ya dunia haimlipi fundi.

Hifadhi nyingine ilifanyika bila jengo la serikali. Msikiti wa Riyadha, ulioanzishwa na Habib Swaleh mwenye asili ya Ngazija, ulitunza miswada ya mkono ambayo walimu na wanafunzi waliinakili na kuisomea kwa vizazi. Katika miaka ya 2010 miswada hiyo ilipigwa picha za kidijitali kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza, nayo yenyewe ikabaki Lamu. Punda pia wana hospitali yao tangu 1987, na sioni kwa nini isihesabiwe katika historia hii: mji mzima wa mawe ulibebwa migongoni mwao.

Hapo, kwa waliobeba mizigo, ndipo lawama yangu kwa makumbusho inapoanzia. Nyumba ile ya karne ya 18 ni ya muungwana wa Mkomani, mtaa wa nyumba za mawe. Mawe yake yalichimbwa, chokaa yake ikachomwa, na maji ya birika lake yakabebwa na watumwa, ambao sheria haikuwatambua kuwa huru mpaka 1907. Vizazi vyao viko mtaa wa Langoni na vijijini, pamoja na Wabajuni, Wahadhrami na wengine waliojenga kwa udongo na makuti. Nyumba ya makuti hudumu miaka michache kisha hujengwa upya, kwa hiyo haina umri wa kuvutia watu wa urithi. Lakini ndiyo nyumba waliyoishi watu wengi zaidi wa visiwa hivi. Haijapata nafasi inayolingana na ile ya zidaka, wakati mafundi wa kusuka makuti bado wapo na wangeweza kuijenga uani mwa ngome kwa wiki chache.

Mambo yenyewe hayasubiri. Nyumba nyingi za Mkomani na Shela zimenunuliwa na wageni wanaokuja likizo, na bei imewapita vijana wa mji. Pikipiki zimefika kisiwani. Bandari mpya ilizinduliwa ng'ambo mwaka 2012 na gati lake la kwanza kuanza kazi mwaka 2021. Kati ya miaka hiyo, mwaka 2018, Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi walioathiriwa na bandari hiyo walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, na miongoni mwa haki ilizosema zimevunjwa ni haki ya utamaduni. Mahakamani, maarifa ya mvuvi juu ya mikondo, majina ya miamba na nyakati za bamvua yalikuwa ushahidi. Kwenye makumbusho kuna mifano mizuri ya vyombo vyake vya baharini. Majina ya miamba ile bado yanahitaji mtu wa kwenda baharini na mvuvi, daftari mkononi.