Kianzio na Boma: Kwa Nini Kesi za Kazi Zilizoachwa Njiani Hazishindiki

Mwenye nyumba aliyekimbiwa na fundi huwa na maelezo tayari: yule alikuwa tapeli tangu mwanzo. Fundi naye, akipatikana, ana yake: bosi alikuwa haleti vifaa, vibarua wananidai, ningekaa pale nikila nini? Kwa kuwa kila upande unalaumu tabia ya mwenzake, tumezoea kuamini kwamba dawa ni kumpata fundi mwaminifu, na ushauri mwingi unaotolewa juu ya ujenzi hauvuki hapo. Makala hii inadai kwamba uaminifu ni sehemu ndogo ya tatizo. Kazi nyingi huachwa kwa sababu fedha ilitangulia kazi, na madai yake hukwama kwa sababu hakuna aliyeipima kazi siku ilipoachwa.

Ninazungumzia nyumba za kawaida za Dar es Salaam na miji mingine ya Tanzania, zile za vyumba vitatu huko Chanika, Kivule au Bunju, zinazojengwa kwa mshahara, mkopo wa kikundi na fedha anayotuma ndugu aliye nje. Mkopo wa benki wa kujengea nyumba bado ni wa wachache. Mwenye nyumba hununua saruji, nondo na kokoto mwenyewe, kisha hupatana na fundi bei ya ufundi peke yake. Msingi mwaka huu, boma mwakani, kupaua Mungu akijalia. Katika mpangilio huu mwenye nyumba ndiye benki, ndiye mnunuzi wa vifaa na ndiye msimamizi, na mara nyingi kazi zote tatu anazifanya kwa simu akiwa ofisini.

Sheria tuliyorithi ilitungwa kwa mpangilio mwingine kabisa. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inafuata kwa karibu sheria ya India ya mwaka 1872. Katika sheria hiyo ya India, kifungu cha 52 kina mfano mfupi wa mtu aliyekubali kumjengea mwenzake nyumba kwa bei iliyopatanwa: ujenzi hutangulia, malipo hufuata. Waliouandika mfano huo waliona ndio utaratibu wa kawaida wa mambo. Mahakama za Uingereza nazo ziliona hivyo. Katika kesi ya Sumpter dhidi ya Hedges ya mwaka 1898, mjenzi alikubali kujenga nyumba mbili na mabanda ya farasi kwa pauni 565. Alifanya kazi ya thamani ya pauni 333 hivi, akalipwa sehemu, kisha akasema ameishiwa, hawezi kuendelea. Mwenye kiwanja akamalizia mwenyewe, akitumia pia vifaa vilivyobaki uwanjani. Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba mjenzi alipwe thamani ya vifaa vile vilivyotumika baada yake, lakini kwa kazi aliyoiacha asidai kitu zaidi. Kesi hiyo ni ya kabla ya tarehe 22 Julai 1920, siku ambayo sheria ya mapokeo ya Uingereza huhesabiwa kuingia Tanganyika, kwa hiyo wanasheria wetu huisoma kama sehemu ya urithi.

Hukumu hiyo ni kali kwa mjenzi, na inamlinda vizuri mwenye nyumba ambaye hela bado iko mfukoni mwake. Kwetu iko mfukoni mwa fundi. Kanuni inayosema asiyemaliza asilipwe haimsaidii chochote mtu aliyekwisha kulipa.

Tutazame hesabu yenyewe, kwa mfano wa kubuni. Ufundi umepatanwa shilingi milioni 6: msingi milioni 1.5, boma hadi lenta milioni 2, kupaua milioni 1, plasta na sakafu milioni 1.5. Fundi anaomba nusu mkononi kama kianzio, milioni 3, kwa hoja kwamba ana vibarua wa kulisha. Boma likifika lenta anaongezewa milioni 1. Siku hiyo amelipwa milioni 4 kwa kazi ya milioni 3.5. Mbele yake kuna kazi ya milioni 2.5, na fedha iliyobaki ni milioni 2. Tena kazi yenyewe ndiyo ile ya kuchosha, ya kona na madirisha, ambako mwenye nyumba huanza kuona kila kasoro. Wakati huohuo mtu mwingine, mtaa wa pili, anamsubiri na kianzio kipya. Fundi huyu hahitaji kuwa mwizi ili aondoke. Inatosha awe anajua kutoa na kujumlisha.

Na mara nyingi kianzio hicho kipya kimekwisha kupangiwa matumizi kabla hajakipokea. Fundi wa mtaani hana mtaji. Saidia fundi hulipwa kila siku au kila Jumamosi, mashine ya kuchanganyia zege hukodiwa, na kazi ya kwa mama fulani iliyokwama mwezi uliopita bado inamdai. Anachukua hela ya saiti mpya kuziba ya zamani. Siku mnyororo huo ukikatika, kwa kuugua au kwa mvua ya wiki tatu, saiti mbili au tatu hulala kwa pamoja na simu yake huanza kutopatikana. Wamiliki watatu watakaomlalamikia, kila mmoja peke yake, watadhani kalengwa yeye.

Hasira ikipanda, kituo cha kwanza huwa polisi. Naelewa sababu: polisi ni bure, ni karibu, na fundi akilala mahabusu usiku mmoja ndugu zake huchangishana. Lakini Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu cha 301, inataka udanganyifu uhusu jambo lililopo au lililopita ambalo msemaji anajua ni la uongo. "Nitarudi Jumatatu kumwaga lenta" ni ahadi ya kesho. Aliyejitambulisha kuwa mkandarasi aliyesajiliwa huku cheti si chake, huyo ameingia kwenye kifungu. Aliyeahidi akashindwa, hata kama ameshindwa kwa uzembe mtupu, hajaingia. Kumweka ndani hadi alipe ni kuigeuza jinai kuwa wakala wa kukusanya madeni, na hela inayopatikana kwa njia hiyo kwa kawaida ni kianzio cha mtu mwingine. Mlolongo unaendelea.

Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, inayo meno, ila kwa waliomo kwenye daftari lake. Makandarasi wa majengo wamepangwa katika madaraja saba, na aliyesajiliwa anajua kwamba akifutwa hatapata zabuni tena. Fundi aliyejifunzia kazi kwa mjomba wake, akapandishwa kutoka saidia fundi hadi fundi mkuu kwa macho ya wenzake tu, hana cha kufutwa. Baraza la Taifa la Ujenzi, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979, linajishughulisha na mikataba ya mfano na usuluhishi wa migogoro, lakini gharama ya usuluhishi wa namna hiyo inaendana na jengo la ghorofa. Kwa boma la Kivule inaweza kulizidi boma lenyewe.

Inabaki mahakama ya madai. Muda upo wa kutosha, kwani shauri la mkataba lina ukomo wa miaka sita. Lugha nayo haipaswi tena kuwa kikwazo, maana tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Kinachokosekana ni ushahidi, na hapa inabidi tusogee karibu na ukuta.

Boma lililoachwa huonyesha mambo mengi kwa anayejua kutazama. Kozi zinahesabika. Timazi ikishushwa kwenye kona inaonyesha kama ukuta umelala. Kamba ikipigwa kutoka pembe hadi pembe ya chumba, kisha kwa pembe nyingine mbili, inaonyesha kama fundi aliweka mraba wake kwa ile kanuni ya 3, 4 na 5 au alikisia kwa jicho. Nondo zilizochomoza juu ya nguzo zinapimika unene: zilipaswa kuwa za milimita 12, je ni za 10? Mifuko ya saruji iliyobaki stoo inaweza kuhesabiwa, na iliyoganda kutengwa. Kazi yote hiyo ni ya asubuhi moja. Lakini mwenye nyumba, kwa uchungu na haraka, huleta fundi wa pili wiki hiyohiyo. Fundi wa pili, ambaye siku zote huanza kwa kuguna na kusema aliyejenga hapa hakuwa fundi, hubomoa kozi mbili, hunyoosha kona na kumwaga lenta. Baada ya hapo hakuna mtu duniani anayeweza kusema kazi ya nani iliishia wapi. Mali bila daftari huisha bila habari, na hili ndilo daftari lisiloandikwa.

Hati ya makubaliano huwa ipo, tena yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Watu huutegemea muhuri huo kupita uwezo wake. Unathibitisha kwamba wawili walikubaliana na kutia saini mbele ya mwenyekiti. Hausemi boma lilifika kozi ya ngapi, wala hakuna hakimu atakayepata humo bei ya kumalizia. Sheria ya Mikataba, kifungu cha 73, inatoa fidia kwa hasara iliyotokana na uvunjaji wa mkataba, na katika kuipima inaangalia pia njia alizokuwa nazo mdai za kupunguza madhara. Kwa ujenzi, hasara hiyo kwa kawaida ni gharama ya kumalizia inayozidi bei ya awali. Bila kipimo cha mwanzo, ziada hiyo ni neno la mmoja dhidi ya la mwenzake. Na hata akishinda, mdai hukuta kwamba Sheria ya Mwenendo wa Madai inazikinga zana za kazi za fundi zisikamatwe kwa deni, kinga ninayoiona ya haki kabisa, kwa sababu fundi asiye na mwiko na pima maji hatalipa deni lolote.

Kenya wamejaribu njia inayofaa kutazamwa. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016 inapokea madai ya hadi shilingi milioni moja ya Kenya, ikiwemo mikataba ya huduma, na imewekewa siku 60 za kumaliza shauri. Kasi hiyo ingewafaa wengi huku kwetu. Hata hivyo hakimu wa siku 60 naye anahitaji kipimo, tena anakihitaji kuliko yule wa miaka miwili, kwa kuwa hana muda wa kwenda kutembelea saiti.

Kwa hiyo ningeanzia kwenye fedha na futi kabla ya kufika mahakamani. Kianzio cha nusu kiachwe. Hoja kwamba fundi hana mtaji ni ya kweli, na jibu lake ni kufupisha hatua: badala ya kulipa nusu mbele, lipa kila Jumamosi kozi zilizosimama wiki hiyo, baada ya kuzihesabu pamoja, na ubakize sehemu ndogo ya kila malipo hadi plasta iishe. Bei za hatua zipangwe upya ili plasta na sakafu zisiwe mkia wa mapatano. Pili, halmashauri iwape mafundi sanifu wake wa ujenzi kazi ya kupima saiti iliyoachwa, kwa ada inayojulikana, na karatasi yao ipokelewe na Mahakama ya Mwanzo kama ushahidi wa hali ya jengo siku ile, huku fundi aliyeondoka akipewa taarifa ili aje na timazi yake kama anataka. Fundi wa pili asiguse tofali kabla ya hapo.

Kuna watakaosema kipimo hiki ni silaha ya mwenye nyumba. Ile sheria ya India ina mfano mwingine, kwenye kifungu cha 54: mjenzi amekubali kazi kwa bei maalumu, mwenye kazi akaahidi kuleta mbao na vifaa vya kupandia, kisha hakuvileta. Mjenzi huyo halazimiki kuendelea, na anastahili fidia. Saiti ngapi zimelala kwa sababu saruji iliyoahidiwa Jumatatu haikufika, vibarua wakakaa chini ya mwembe siku nne wakihesabiwa posho, fundi akaondoka na kupewa jina la tapeli? Karatasi ya kipimo inayoonyesha kozi tisa zimesimama na stoo haina mfuko hata mmoja ni ushahidi wake yeye, na katika mashauri ya namna hiyo mwenye nyumba ndiye atakayetakiwa kulipa.