Gari la Umeme na Mfuko wa Mnyonge

Watu wengi hudhani gari la umeme ni jambo geni. Nami nilidhani hivyo, mpaka niliposoma habari za Marekani ya mwaka 1900. Wakati huo karibu theluthi moja ya magari ya huko yalikuwa ya umeme. Hayakutoa moshi, wala dereva hakuhangaika kupiga hendeli.

Ni nini basi kilichoyaangusha? Sababu zilikuwa kadhaa, lakini kubwa ilikuwa bei. Mwaka 1908 Henry Ford alitoa Model T, na kufikia 1912 gari la petroli lilipatikana kwa dola 650, ilhali la umeme liliuzwa dola 1,750. Mwaka huohuo Cadillac ikaja na stata, hendeli nayo ikaanza kusahaulika. Mwenye kipato kidogo akachagua petroli.

Leo mizani inageuka. Tangu 2010 bei ya betri za lithiamu imeshuka kwa takriban asilimia 90, na mwaka 2023 kampuni ya BYD ilianza kuuza Seagull nchini China kwa yuani 73,800, yaani dola 10,500 hivi.

Hata hivyo, nina wasiwasi. Sisi wa Dar es Salaam wengi hununua magari yaliyokwisha tumiwa na wengine. Injini iliyochoka fundi wa mtaani huifungua akaifufua. Betri iliyochoka haifufuliwi kwa spana. Kwa hiyo nikiambiwa gari la umeme sasa ni rahisi, mimi huuliza kwanza: betri ya pili ni bei gani?