Historia ya Aya ya Hoja katika Nathari ya Kiswahili: Kutoka Mambo Leo hadi Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam

Ikisiri
Mara nyingi ufundishaji wa aina za aya huanza na fasili na kuishia kwenye fasili. Makala haya yanachunguza maandishi ya Kiswahili yaliyotolewa Dar es Salaam kati ya 1923 na 1962, na yanadai kwamba aina za aya zilitokana na kazi ambazo waandishi walitaka maandishi yazifanye. Kwa hiyo, mwanafunzi aanzie kwenye matini, kisha aifikie fasili.

1.0 Utangulizi
Neno aya liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, likihusishwa na Kurani. Ibara, neno jingine lenye asili hiyo, limestawi zaidi katika sheria. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 imegawanywa katika ibara. Ushairi wa kimapokeo una ubeti, na mpaka wa ubeti huonekana kwa vina na mizani. Nathari haina kipimo cha namna hiyo. Mpaka wa aya huwekwa na wazo, na wazo halihesabiwi kama mizani. Hapo ndipo ugumu wa kuifundisha aya ulipo.

2.0 Aya Magazetini
Nathari ya magazeti ilikwishaanza kabla ya Dar es Salaam kuwa kitovu chake: Msimulizi lilitolewa Kiungani, Zanzibar, kuanzia 1888, na Kiongozi lilitolewa Tanga wakati wa utawala wa Wajerumani. Mwaka 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianzisha Mambo Leo jijini Dar es Salaam. Katika safu yake ya Habari za Miji, aya fupi ilisimulia tukio na kukoma. Makala za kilimo na afya zilihitaji aya ya ufafanuzi, inayoeleza sababu na hatua. Barua za wasomaji zilihitaji aya inayotetea msimamo.

Aya hii ya tatu ilipata uwanja mpana zaidi nje ya magazeti ya serikali. Mwaka 1937 Erica Fiah, mfanyabiashara wa Dar es Salaam aliyetoka Uganda, alianzisha Kwetu, gazeti lililobeba malalamiko na madai ya Waafrika. Mlalamikaji asiye na mamlaka hawezi kuamuru. Hana budi kutoa sababu. Hitaji hilo ndilo lililoikuza aya ya hoja.

3.0 Kielezo na Mtaa wa Lumumba
Mwaka 1954 yalitokea mambo mawili yenye uzito katika historia hii. Shaaban Robert alichapisha Kielezo cha Insha, kitabu ambacho jina lake lenyewe linataja mbinu: mwandishi chipukizi awekewe mfano wa kufuata. Mwaka huohuo TANU ilizaliwa katika Mtaa Mpya, baadaye Mtaa wa Lumumba, ukingoni mwa Kariakoo. Katika jengo la chama hicho mtaani humo, Chuo Kikuu kilianza Oktoba 1961 kwa kufundisha sheria. Mwaka 1962 Julius Nyerere aliwaandikia wanachama wa TANU kijitabu Tujisahihishe, kinachochambua makosa yao ndani ya chama. Hiyo ni nathari ya hoja iliyoandikwa kwa Kiswahili na kulenga wasomaji wa Kiswahili, miaka mitano kabla ya Azimio la Arusha.

4.0 Athari kwa Ufundishaji
Mwanafunzi wa sekondari nchini Tanzania hujifunza masomo mengi kwa Kiingereza. Katika somo la Kiswahili huweza kutaja aina nne za aya bila kuandika hata moja iliyo imara. Matokeo yake ni dhana kwamba Kiswahili ni lugha ya kusimulia, na hoja ina lugha yake nyingine. Ushahidi wa kihistoria unaikanusha dhana hiyo.

Mada moja yatosha kuonyesha tofauti. Kuhusu Soko la Kariakoo, aya ya usimulizi itafuata wakati: jengo lililosanifiwa na Beda Amuli lilifunguliwa 1975, likaungua 2021. Aya ya wasifu itachora paa lake, lililo kama miavuli iliyopinduliwa kukinga mvua. Aya ya ufafanuzi itaeleza jinsi kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, kilivyoliachia eneo hilo jina. Aya ya hoja itadai, kwa mfano, kwamba wachuuzi wadogo washirikishwe katika kupanga soko, itoe sababu, kisha ijibu pingamizi. Mada haikubadilika, kilichobadilika ni kazi, na pamoja nayo mpangilio wa sentensi na viunganishi. “Kisha” na “baadaye” vinatawala ya kwanza. “Kwa kuwa”, “hata hivyo” na “kwa hiyo” vinatawala ya mwisho.

5.0 Hitimisho
Aina za aya ni majibu ya mahitaji ya kihistoria, na kati ya hizo aya ya hoja ndiyo iliyogharimu zaidi. Mwalimu anayeifundisha kama fasili ya kukariri humnyima mwanafunzi urithi uliojengwa magazetini na katika mitaa inayopakana na Kariakoo. Swali la kwanza darasani liwe hili: aya hii inafanya kazi gani, na inamfanyia nani? Jina lake lifuate baadaye.