Hawala ya Simu: Fedha kwa Njia ya Waya

Kabla ya M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu ya mkononi, kuanza nchini Kenya mwaka 2007, aliyetaka kumfikishia ndugu wa mbali fedha upesi aliweza kwenda posta. Alijaza fomu, akakabidhi fedha taslimu, kisha akalipa ada ya hawala na gharama ya simu ya maandishi. Salamu za ziada zilitozwa kwa kila neno, kwa hiyo zilikuwa fupi.

Noti zenyewe hazikusafiri. Karani alipeleka amri ya kulipa kwa telegrafu hadi posta ya mpokeaji, ikiwa na alama za siri za kuithibitisha. Mpokeaji alipata taarifa, mara nyingi kupitia sanduku la posta la shule, kanisa au mwajiri. Alionyesha kitambulisho, akatia sahihi, akahesabiwa fedha zake.

Hawala ya kawaida ilipelekwa kwa barua na kuchukua siku kadhaa. Ya simu ilikuwa ghali zaidi, lakini iliwahi karo, matibabu na msiba.

Hadi 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, shirika moja la posta na simu lilihudumia Kenya, Uganda na Tanzania. Leo fedha bado hutumwa kwa simu, ila ni ile ya mkononi.