Nuru Iliyosokotwa: Historia ya Jambo Moja na Jina Lake

Huko Itiryo, wilayani Tarime katika mkoa wa Mara, ambako Wakurya hufuga ng'ombe na kulima mahindi, si ajabu kumkuta mzee kivulini akisokota kamba ya katani ya kufungia ndama. Huzigawa nyuzi mafungu mawili, akalisokota kila fungu upande mmoja juu ya paja, kisha akayaunganisha yote mawili kwa kuyazungusha upande wa pili, ili yakazane yasifumuke. Isimamishe kamba hiyo wima uitazame. Ikiwa nyuzi zilizo mbele yako zapanda kuelekea kuume, huo ni msokoto wa kuume. Zikipanda kuelekea kushoto, ni msokoto wa kushoto. Igeuze sasa, mwisho uwe juu na mwanzo uwe chini: msokoto haubadiliki. Ni katika kioo tu ndipo kamba ya kuume huonekana kuwa ya kushoto.

Nimeitanguliza kamba hii kwa sababu makala haya yahusu jambo ambalo wanafizikia wamelichunguza kwa miaka mia mbili, nalo halijapata bado kuelezwa vema kwa Kiswahili: kwamba iko nuru isafiriyo kwa msokoto, na kwamba viko vitu vya ogania, yaani vile vya kaboni ambavyo ndivyo mwili wa viumbe hai, vinavyoitoa nuru hiyo. Haja yangu ni kuonyesha jinsi jambo hili lilivyopata jina lisilolifaa katika lugha za Ulaya, na kuuliza kama yatupasa sisi kulirithi kosa hilo.

Mwaka 1808 Étienne-Louis Malus, mhandisi wa jeshi la Ufaransa, alikuwa Paris akiitazama, kupitia kipande cha fuwele, nuru ya jua iliyoakisiwa na madirisha ya jumba la Luxembourg. Fuwele hiyo huonyesha taswira mbili za kila kitu; naye alipoizungusha, aliona taswira moja ikififia na nyingine ikizidi kung'aa. Malus aliifuata rai ya Newton kwamba nuru ni chembe. Basi akadhani kuwa chembe hizo zina ncha mbili kama sumaku, na kwamba kioo cha dirisha kilikuwa kimezielekeza upande mmoja. Mwaka 1811 akalipa jambo hilo jina litokanalo na neno lenye maana ya ncha.

Lakini nuru haina ncha. Katika miaka iliyofuata Augustin Fresnel alionyesha kwamba nuru hiyo hueleweka vizuri ikihesabiwa kuwa ni mawimbi yatikisikayo kando ya njia yake. Na mwaka 1822 akaieleza aina ambayo mtikisiko wake hauendi huku na huku, bali huzunguka kadiri nuru iendeleavyo. Lau tungeweza kuisimamisha nuru hiyo kwa nukta moja ya wakati, tungeuona mtikisiko wake umejizungusha njiani kama uzi katika kamba, wa kuume au wa kushoto. Hoja ya ncha ikafa, na jina lililozaliwa nayo likaendelea kuishi.

Wakati huohuo wanakemia walikuwa wakiifikia kamba hiyo kwa njia nyingine. Mwaka 1815 Jean-Baptiste Biot aligundua kwamba tapentaini na vimiminika vingine vitokavyo katika mimea hugeuza upande wa mtikisiko wa nuru ipitayo ndani yake. Mwaka 1848 Louis Pasteur alizichambua kwa mkono fuwele za chumvi ya asidi ya tatariki, akaona kuwa ziko za namna mbili, kila moja ikiwa taswira ya mwenzake kiooni. Na kila namna iligeuza nuru upande wake. Mwaka 1893, katika mhadhara aliotoa Oxford, Lord Kelvin alizipa hali kama hizi jina alilolitoa katika neno la Kiyunani lenye maana ya mkono. Hapo jina lilikuwa la haki, kwa kuwa mkono wa kuume na wa kushoto hufanana pasipo kulingana.

Hapa Kiswahili chatupa msaada ambao sijauona ukitajwa. Mdudu wa usiku ambaye mwili wake hutoa nuru tunamwita kwa majina mawili: kimetameta na kimulimuli. La kwanza latokana na kumeta, nalo kumeta ni kung'aa, hata kwa nuru ya kuazima, kama umande au shanga. La pili lina shina moja na kumulika, nako ni kupeleka nuru. Ndiyo maana twaambiwa kwamba amulikaye nyoka huanza miguuni pake. Basi historia ya nuru ya msokoto yagawanyika vivyo hivyo, baina ya vimetavyo na vimulikavyo.

Vimetavyo vilitangulia. Mwaka 1911 Albert Michelson alieleza kwamba gamba la mbawakawa mmoja wa rangi ya dhahabu huakisi nuru yenye msokoto. Mwaka 2012 watafiti wa Cambridge na wenzao walionyesha kwamba tunda la mmea uitwao Pollia condensata, uotao katika misitu ya Afrika, Tanzania ikiwamo, lina rangi ya buluu isiyotokana na rangi yoyote iliyomo ndani yake, bali na nyuzi za selulosi zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likigeuka kidogo. Seli moja huakisi msokoto wa kuume, na jirani yake wa kushoto.

Vimulikavyo vilikawia. Mwaka 1967 C. A. Emeis na L. J. Oosterhoff, huko Leiden, walipima nuru ya msokoto iliyotolewa na molekuli za ogania zenyewe. Mwaka 1980 Hans Wynberg na wenzake walitangaza kwamba mabuu wa vimulimuli fulani wa Marekani hutoa nuru ya namna hiyo, na kwamba taa ya upande wa kuume wa mwili na ile ya kushoto hutofautiana kwa msokoto. Mwaka 1997 jambo hilo lilipatikana katika dayodi ya polima. Na mwaka 2013 watafiti wa London waliipata nuru hiyo kwa kuchanganya polima na molekuli zilizojiviringa kama parafujo. Ziada ya msokoto mmoja juu ya mwingine, katika molekuli ndogo za ogania, aghalabu ni haba, pengine sehemu moja katika elfu.

Faida yake si ya maabara tu. Skrini nyingi za simu zenye dayodi za ogania hufunikwa kwa utando uzuiao mwako wa jua, na utando huo humeza karibu nusu ya nuru ya skrini yenyewe. Kama nuru ingetoka ikiwa na msokoto ukubaliwao na utando, sehemu kubwa ya hasara hiyo ingeokolewa, na betri ingedumu zaidi.

Narudi katika suala la jina. Tangu Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930, hadi Baraza la Kiswahili lilipoanzishwa mwaka huohuo wa 1967, na kamusi ya biolojia, fizikia na kemia ilipotolewa Dar es Salaam mwaka 1990, njia zetu za kuunda istilahi zimekuwa kukopa, kutafsiri, na kulipa neno la zamani kazi mpya. Tukikopa jina la Malus, mwanafunzi hapati maana. Tukilitafsiri kwa ncha, apata maana ya uongo. Napendekeza njia ya tatu: nuru ya msokoto, wa kuume au wa kushoto.

Jina hili lina faida nyingine. Wanafizikia hutofautiana katika kutaja kuume na kushoto, kwa kuwa baadhi yao huitazama nuru ikiwajia na wengine huifuata ikienda. Kamba haina ugomvi huo, maana msokoto wake ni uleule kutoka mwisho wowote. Nacho kipimo chake hupatana na desturi ya zamani ya kuitazama nuru ikija.

Yawezekana mtu akapinga kwamba tangu mwaka 1992 umejulikana msokoto mwingine, wa uso mzima wa wimbi wala si wa mtikisiko. Pingamizi hilo ni la haki. Huo nao wahitaji jina lake, na neno parafujo, tulilolipata kwa Wareno, laweza kuufaa.

Mtoto wa Itiryo huanza na Kikurya nyumbani, hufundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha hukutana na fizikia ya sekondari kwa Kiingereza. Afikapo kwenye somo la nuru huambiwa habari za ncha zisizokuwako, akazikariri. Naye kamba ameiona ikisokotwa tangu utotoni, na vimulimuli amewakimbilia usiku. Kazi yetu wanaisimu ni kumwonyesha kwamba alichokiona ndicho hicho anachofundishwa.