Nani Ataiandikia Jalada Yakobi?

Ukifika Makambako utaona barabara ya Songea ikiachana na ile ya Mbeya. Abiria wengi wanaoifuata hiyo ya Songea huwaza baridi ya Njombe na bei ya viazi. Wachache hukumbuka kwamba jirani na mji wa Njombe, mahali paitwapo Yakobi, palipiganwa vita. Septemba 1905 wapiganaji wa Mbeyela, mtawala mmojawapo wa Wabena, waliishambulia misheni ya Walutheri waliotoka Berlin. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimefika nyanda za juu.

Habari za siku ile zimetufikia zaidi kwa kalamu ya aliyeshambuliwa. Mmisionari Gröschel alitoa kitabu chake Berlin mwaka 1911. Watu wa Mbeyela walisimulia tu, na msimulizi hufa. Ndiyo maana mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu walitoka Dar es Salaam kwenda vijijini, daftari mkononi, kuwahoji wazee wa Maji Maji. Mtoto wa miaka 10 wakati wa vita alikwisha kuwa na miaka 73. Wangengoja miaka 20 zaidi, wangemhoji nani?

Yuko mzazi atakayesema: mwanangu asomee mambo ya kale, atakula magofu? Swali la haki, maana ada hailipwi kwa sifa. Lakini kazi zipo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha akiolojia mwaka 1985; Bagamoyo kuna chuo cha ukutubi na utunzaji wa nyaraka. Songea ina makumbusho ya Maji Maji tangu 1980, na Iringa ilifungua yake ndani ya boma la Mjerumani mwaka 2016. Humo hutakiwa watunza nyaraka, waongoza wageni, na mafundi wanaojua kuta za zamani. Nafasi si nyingi, tusidanganyane.

Ila tazama sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 iliyapa ulinzi wa moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Misheni ya Yakobi, na Maji Maji nzima, ni ya baadaye. Ya namna hiyo iliachiwa Waziri ayatangaze. Naye hawezi kutangaza kwa kusikia tu. Lazima awekewe mezani jalada lenye ramani, vipimo, picha, na masimulizi ya pande zote mbili. Jalada hilo haliandikwi na diwani wala mwanasheria, bali na mtu aliyesomea kazi hiyo, na ingefaa awe anajua Kibena.