Orodha ya Usalama wa Upasuaji

Orodha ya Usalama wa Upasuaji ni karatasi ya ukurasa mmoja yenye mambo 19 ambayo timu ya chumba cha upasuaji huyathibitisha kwa sauti katika vituo vitatu: kabla mgonjwa hajapewa dawa ya usingizi, kabla ngozi haijakatwa, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Ilitolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO) Juni 2008 na imeenea katika nchi nyingi, zikiwemo Tanzania na Kenya. Kwa sura ni fomu, lakini kazi yake hasa ni kuwafanya watu wa vyeo mbalimbali waambizane wanachokijua kabla madhara hayajatokea. Pale inapojazwa bila mazungumzo, faida yake hupungua au hutoweka kabisa.

Tatizo lililoizaa

Mgonjwa mmoja mezani huhudumiwa na watu kadhaa: daktari wa upasuaji na msaidizi wake, mtaalamu wa usingizi, muuguzi anayekabidhi vifaa na muuguzi anayezunguka chumbani kuleta kinachopungua. Kila mmoja ana taarifa ambayo wenzake hawana. Mtaalamu wa usingizi amesoma kwenye faili kwamba mgonjwa hapatani na dawa fulani. Muuguzi anajua kuwa mashine ya kunyonya damu ilisumbua jana. Daktari wa upasuaji ndiye ajuaye kwamba uvimbe umegusana na mshipa mkubwa. Madhara mengi hutokea ilhali aliyejua alikuwemo chumbani, ila hakuulizwa, au hakuthubutu kusema.

Afrika Mashariki ina mifano inayokumbukwa. Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili jijini Dar es Salaam, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walibadilishwa: aliyekuja kutibiwa goti akapasuliwa kichwa, na aliyekuwa na tatizo la kichwa akapasuliwa goti. Mapema 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, mgonjwa ambaye hakuhitaji upasuaji alifunguliwa fuvu badala ya mwenzake aliyekuwa na damu iliyoganda kichwani. Swali la jina kamili, namba ya faili na sehemu ya kupasuliwa, likiulizwa na kujibiwa mbele ya wote, limekusudiwa kuzuia makosa ya aina hii.

Asili yake katika urubani

Wazo la kutumia orodha lilitoka kwenye ndege. Tarehe 30 Oktoba 1935, katika uwanja wa Wright Field huko Ohio, Marekani, ndege ya majaribio ya Boeing Model 299 ilipaa, ikashindwa kuendelea kupaa, kisha ikaanguka na kuwaka moto. Meja Ployer Hill, rubani mzoefu, alifariki. Uchunguzi ulionyesha kwamba kifungio cha mabawa ya usukani hakikuwa kimefunguliwa kabla ya kuruka. Marubani wa majaribio walitengeneza orodha fupi ya mambo ya kukagua, na ndege za muundo huo zikaja kuwa B-17, zilizotumika sana katika Vita vya Pili vya Dunia.

Somo la pili la urubani lilihusu mazungumzo. Tarehe 27 Machi 1977, ndege mbili za Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana katika kisiwa cha Tenerife na kuua watu 583. Kulikuwa na ukungu. Nahodha wa KLM alianza kukimbiza ndege bila kupewa ruhusa ya kuruka. Mhandisi wake aliuliza kama ndege ya Pan Am ilikuwa imeshaondoka njiani. Nahodha akajibu kwa mkazo kwamba imeondoka, na mhandisi hakuendelea kubisha. Baada ya ajali hiyo na nyingine za miaka ya 1970, NASA iliitisha warsha mwaka 1979, na mwaka 1981 shirika la United Airlines likaanza kuwafundisha wafanyakazi wa ndege namna ya kuulizana, kuonyana na kugawana kazi. Mafunzo hayo yaliwataka wadogo kusema na wakubwa kusikiliza.

Katika upasuaji, mabadiliko hayo yalichelewa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 katika jarida la British Medical Journal uliwauliza marubani na wahudumu wa afya kuhusu makosa, uchovu na ushirikiano. Ni asilimia 55 tu ya madaktari bingwa wa upasuaji waliokataa mfumo ambao mdogo hapaswi kuhoji uamuzi wa mkubwa. Kwa watumishi wa ndege na wa vyumba vya wagonjwa mahututi, waliounga mkono ngazi zisizo kali za uongozi walikuwa zaidi ya asilimia 90.

Muundo

Orodha iliandaliwa na wataalamu walioongozwa na Atul Gawande, daktari wa upasuaji wa Boston, chini ya kampeni ya WHO ya upasuaji salama. Ilifupishwa makusudi ili isomwe kwa dakika chache.

Kituo cha kwanza, kabla ya dawa ya usingizi, kina mambo saba. Mgonjwa mwenyewe, akiwa macho, huthibitisha jina lake, aina ya upasuaji, sehemu inayopasuliwa na ridhaa yake. Huangaliwa kama sehemu hiyo imewekwa alama, kama dawa na mashine za usingizi zimekaguliwa, na kama kipimo cha oksijeni kimevikwa kidoleni na kinafanya kazi. Kisha huulizwa kuhusu mzio, ugumu wa njia ya hewa, na uwezekano wa kupoteza damu zaidi ya mililita 500 kwa mtu mzima.

Kituo cha pili, kabla ya kukata, kina saba pia. Kazi husimama. Kila mtu hutaja jina lake na nafasi yake. Jina la mgonjwa, upasuaji na sehemu hutajwa upya. Daktari wa upasuaji husema ni hatua gani ngumu, muda gani utatumika na damu kiasi gani inaweza kupotea. Mtaalamu wa usingizi na muuguzi nao hutaja wasiwasi wao. Huhakikishwa kwamba antibayotiki ya kinga imetolewa ndani ya dakika 60 zilizopita, na kwamba picha za eksirei au vipimo vingine vinavyohitajika vimetundikwa.

Kituo cha tatu, kabla ya mgonjwa kutoka, kina matano: upasuaji uliofanyika kuandikwa kwa jina lake sahihi, hesabu ya vifaa, shashi na sindano kutimia, sampuli kubandikwa jina la mgonjwa, hitilafu za vifaa kutajwa, na timu kukubaliana juu ya mambo ya kuangaliwa mgonjwa atakapokuwa wodini.

WHO ilieleza tangu mwanzo kuwa orodha si kamili, na kwamba hospitali zinaruhusiwa kuongeza au kurekebisha kulingana na mazingira yao.

Jaribio la hospitali nane

Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008 orodha ilijaribiwa katika hospitali nane za Toronto, Seattle, London, Auckland, Amman, New Delhi, Manila na Ifakara. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara, katika bonde la Kilombero mkoani Morogoro, ndiyo pekee iliyotoka Afrika, na ilifanya kazi katika mazingira ya vijijini yaliyo mbali sana na ya London au Seattle.

Matokeo yalichapishwa Januari 2009 katika New England Journal of Medicine. Wagonjwa 3,733 walifuatiliwa kabla ya orodha na 3,955 baada yake. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na wagonjwa waliopata madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Hatua sita za msingi za usalama, ambazo mwanzoni zilitekelezwa zote kwa asilimia 34.2 ya wagonjwa, zilifikia asilimia 56.7. Kwa kuwa zaidi ya asilimia 40 ya wagonjwa bado hawakupata hatua zote sita, watafiti walihisi kwamba sehemu ya mafanikio ilitokana na mabadiliko ya mwenendo wa timu. Wahudumu walipoulizwa maoni yao, takriban asilimia 20 waliona orodha si rahisi kutumia au inapoteza muda. Lakini asilimia 93 walisema wangetaka itumike kama wao ndio wangekuwa mezani.

Inavyobadilisha mazungumzo

Kujitambulisha kwa jina huonekana jambo dogo, hasa kwa watu wanaofanya kazi jengo moja. Lakini katika hospitali ya rufaa zamu hubadilika, wanafunzi huingia na kutoka, na mara nyingi daktari hamjui muuguzi aliye mbele yake zaidi ya kumwita "sista". Mtu aliyekwisha kutoa sauti yake chumbani mara moja huona wepesi wa kuitoa tena tatizo likitokea.

Faida ya pili ni kuondoa ulazima wa ujasiri. Katika jamii zinazoheshimu umri na cheo, muuguzi kijana anayemhoji daktari bingwa huweza kuonekana mkosefu wa adabu. Kwa hiyo huzungusha maneno: "Daktari, samahani, sijui kama shashi zimetimia." Daktari mwenye haraka husikia shaka ya muuguzi tu, akaendelea kushona. Orodha inapomtaka muuguzi huyohuyo atangaze hesabu, kauli hubadilika bila kuvunja heshima: "Daktari, shashi moja haijapatikana. Naomba tusifunge tumbo mpaka ionekane." Hapo anatekeleza wajibu wake, na daktari hana sababu ya kuona amedharauliwa.

Mbinu mbili hufundishwa pamoja na orodha. Ya kwanza ni kurudia agizo: anayeagizwa "adrenalini miligramu moja" huyarudia maneno hayo kabla ya kuchoma, kisha hutangaza kwamba ameshachoma. Ya pili ni kutoa taarifa kwa mpangilio wa hali ilivyo sasa, historia fupi, tathmini ya msemaji na pendekezo lake; ilitokana na jeshi la majini la Marekani. Muuguzi anayempigia daktari simu usiku kwa mpangilio huo hawezi kuishia kwenye "mgonjwa hayuko vizuri", kwa sababu anatakiwa pia aseme anachotaka kifanyike.

Matokeo yanayotofautiana

Baada ya 2009 serikali na bodi nyingi za hospitali ziliifanya orodha kuwa lazima, na matokeo hayakufanana. Katika jimbo la Ontario, Kanada, hospitali 101 zilichunguzwa, na ripoti ya 2014 ilionyesha vifo vimetoka asilimia 0.71 hadi 0.65, tofauti ambayo kitakwimu haikuthibitika. Lakini utafiti wa hospitali mbili za Norway, uliochapishwa 2015, uliona madhara yakishuka kutoka asilimia 19.9 hadi 11.5. Huko South Carolina, Marekani, hospitali 14 zilizomaliza programu ya hiari ya mafunzo zilipunguza vifo baada ya upasuaji kutoka asilimia 3.38 hadi 2.84, kwa mujibu wa matokeo ya 2017.

Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni namna orodha ilivyoingizwa. Amri ikitoka juu na kupima idadi ya fomu zilizojazwa, fomu hujazwa: muuguzi huweka alama ya vema mwanzo hadi mwisho, wakati mwingine mgonjwa akiwa ameshatolewa chumbani. Pale ambapo daktari bingwa mmoja anayeheshimika alianza kuitumia, timu ikafundishwa pamoja na karatasi ikarekebishwa kwa lugha na vifaa vya mahali, mazungumzo yalifanyika kweli. Daktari akiendelea kunawa mikono au kuzungumza kwa simu wakati orodha inasomwa, wengine wote hujua papo hapo kwamba si jambo la maana.

Afrika Mashariki

Katika ukanda huu orodha imekutana na vikwazo viwili. Cha kwanza ni vifaa. Swali kuhusu kipimo cha oksijeni halina maana mahali ambapo kipimo hakipo, na kwa sababu hiyo shirika la Lifebox lilianzishwa mwaka 2011 kusambaza vipimo hivyo kwa bei nafuu pamoja na mafunzo. Cha pili ni uchache wa watu. Katika hospitali nyingi za wilaya dawa ya usingizi hutolewa na wauguzi waliosomea kazi hiyo, na nchini Tanzania upasuaji wa uzazi umefanywa kwa miongo mingi na madaktari wasaidizi. Usiku wa dharura ya uzazi timu inaweza kuwa na watu watatu tu, kila mmoja na kazi mbili.

Tanzania iliandaa mpango wa taifa wa upasuaji, uzazi na huduma za usingizi wa 2018 hadi 2025, na katika miaka hiyo mradi wa Safe Surgery 2020 ulifundisha timu za vituo vya Kanda ya Ziwa matumizi ya orodha, kazi ya pamoja na uongozi. Mafunzo yaliwachukua wahudumu kama timu, badala ya kumtoa mmoja kwenda semina na kumrudisha kwa wenzake wasiojua alichojifunza.

Matumizi mengine na mipaka yake

Mafanikio ya awali yaliwafanya wengi waige. WHO ilitoa orodha ya uzazi salama mwaka 2015. Jaribio lake kubwa, lililofanyika katika vituo 120 vya jimbo la Uttar Pradesh, India, na kuchapishwa 2017, lilionyesha kwamba wakunga walitekeleza hatua nyingi zaidi za usalama, lakini vifo vya mama na watoto havikupungua kwa kiasi kinachothibitika. Matokeo hayo yanaonyesha mpaka wa zana hii: orodha huwasaidia watu kutumia pamoja maarifa, dawa na vifaa walivyonavyo, na mahali ambapo damu, ujuzi au rufaa ya haraka havipo, mazungumzo mazuri hayawezi kuziba pengo hilo peke yake.